Punje za Boksi la Tatu

Ninyi mnaoagiza vifaranga kwa simu, ukilipokea boksi lako pale ofisi ya vifurushi mjini Eldoret, usikimbilie kulifungua. Liinamie kwanza usikilize. Vifaranga walio sawa hunong'onezana tu, sauti ya chini isiyo na haraka. Wakilia kwa sauti kali bila kupumzika, wana baridi. Boksi likiwa kimya kabisa, lifungue palepale mbele ya karani, maana hiyo ni kesi na utahitaji shahidi.

Nimelea broila miaka kumi na tisa, karibu yote katika boma moja kule Chepsaita. Sasa magoti yamekataa kuchuchumaa, kwa hiyo nimewaachia wenye magoti. Lakini vijana wa kanisani wanaofuga kwa kikundi huniita niwafundishe, na wiki iliyopita msichana mmoja anayeitwa Chelimo aliinua mkono akaniuliza, "Mama Simiyu, kwa hiyo miaka yote, ni wangapi wamekufa kwa mkono yako?" Wenzake walicheka, wakadhani amenikosea heshima. Mimi sikucheka. Nilimwambia hilo ndilo swali lenye akili kuliko yote niliyoulizwa siku hiyo, na kwamba jibu lake ni refu kidogo. Basi mkae.

Niliingia kazi hii kwa majivuno. Natoka upande wa Bungoma, na kwetu mgeni asiyechinjiwa kuku amekaribishwa nusu. Nilikua nikiwafungulia kuku asubuhi na kuwafungia jioni. Kwa hiyo Mwalimu Jepkosgei, mwenye boma lile, alipotafuta mtu wa kumlelea broila naye akiwa shuleni kutwa nzima, nilimwambia bila haya kwamba kuku sifundishwi. Alinipa kazi siku hiyohiyo. Ningekuwa yeye nisingenipa.

Nilichosahau ni kwamba kifaranga wa nyumbani huja na mama yake. Mama ndiye anayewapa joto, anayewaonyesha maji, anayewaita chakula kikipatikana. Wa boksi wametotolewa na mashine mbali huko, wakapangwa mia na wale wawili wa nyongeza, wakapanda basi usiku kucha, na wakifika hawamjui mtu wala kitu. Mama yao ni wewe, na hilo halimo kwenye maandishi ya boksi.

Boksi la kwanza lilikuja Julai, na mnajua Julai ya huku. Nililichukua kwa karani saa tatu asubuhi, halafu kwa kuwa nilikuwa mjini nikaona si vibaya nipitie sokoni. Nikanunua omena, nikanunua vitunguu, nikamsalimia mama mmoja wa kwetu, na muda wote huo boksi limekaa kwenye sakafu ya saruji chini ya meza yake. Nilipofika Chepsaita kwa bodaboda ilikuwa saa tisa. Nikawawekea maji kwenye sufuria ya kupikia chai. Waliofika kwenye maji walizama, na waliobaki hawakujua maji ni nini wakafa kwa kiu kando ya sufuria iliyojaa.

Kwa hiyo andikeni hili kabla sijaendelea. Kifaranga wa boksi hajawahi kuona maji. Mshike mmoja mmoja, chovya ncha ya mdomo wake kwenye maji ya uvuguvugu yenye glukosi au sukari kidogo, mwache ameze, ndipo umweke chini. Wote, hata kama ni mia tatu na mgongo unalia. Chombo kiwe cha kina kifupi, na kama huna cha dukani weka kokoto ndani ya sahani. Na usimwekee pilipili. Mimi niliwawekea pilipili kwa sababu bibi yangu aliwapa kuku wake pilipili, na walikataa kunywa nusu siku nzima nami nikisema wana kiburi.

Sasa kila jioni Mwalimu akirudi kutoka shuleni aliniuliza kwa upole, "Mama Simiyu, leo wamekufa wangapi?" Nami nilijibu, "Wachache tu, Mwalimu."

Sikuwa namdanganya. Kwetu hatuhesabu watoto wala mifugo. Ukimuuliza mama yangu ana watoto wangapi, atakwambia Mungu amemkumbuka, basi. Kuhesabu ni kukionyesha kifo njia. Kwa hiyo kila nilipomwona mmoja amelala miguu juu nilimwokota bila kutazama sana, nikampeleka kwenye shimo nyuma ya zizi, nikafukia, nikanawa mikono. Na Mwalimu naye ni Mnandi, kwao pia ng'ombe hawanyooshewi vidole na kuhesabiwa, kwa hiyo nikisema wachache aliona si adabu kunibana. Tulikuwa watu wawili wenye heshima zao, na vifaranga wakafa katikati yetu.

Boksi lile likaisha karibu lote. Nikakaa nikafikiri, nikaamua adui ni baridi. Nilikuwa sahihi kidogo, na mtu aliye sahihi kidogo ni hatari kuliko mjinga. Kabla boksi la pili halijaja nilichukua magunia, karatasi ya nailoni na misumari, nikaziba kila ufa wa nyumba ile, kuanzia chini hadi chini ya mabati. Hata upepo wa dawa haukupita. Mwalimu alipoingia alisema kuna joto kama la tanuri la mkate, nami nikatabasamu. Boksi la pili likafa kuliko la kwanza. Waliosalia walikuwa wa kutia kwenye sufuria moja ya Jumapili, na hata hao nilishindwa kuwala.

Hapo nikaanza kutafuta mchawi. Nikamshuku jirani mwenye jicho baya. Nikamshuku dereva wa basi. Mwisho nikamwambia Mwalimu kwamba wale wenye vifaranga wanatuuzia wagonjwa, na akawapigia simu. Aliweka simu kwenye spika tukasikia sote. Yule mama wa upande wa pili hakubisha hata kidogo. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu mwenye kalamu mkononi, ni wangapi walikufa siku ya kwanza, wangapi ya pili, wangapi ya tatu, na walikutwa wapi ndani ya nyumba. Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Alipokata simu hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Aliongea taratibu vile walimu huongea na mtoto anayependwa.

"Mama Simiyu, nitaagiza boksi moja ya mwisho. Hii ikienda kama hizo zingine, hiyo nyumba tunaweka nyasi ya ng'ombe. Na sitakuwa na kazi ya kukupatia. Sijakasirika. Lakini siwezi kuendelea kuleta hawa watoto hapa wakufe na hatujui ni kwa nini."

Simiyu wangu alikuwa kidato cha pili wakati huo, na karo yake ilitoka kwenye mikono hii. Lakini niwaambie ukweli, si karo pekee iliyoninyima usingizi. Ningerudi vipi Bungoma niseme nimeshindwa na kuku? Mwanamke wa kwetu anaweza kushindwa na mume, na mvua, hata na serikali. Kuku, hapana. Nikaapa boksi la tatu halitakufa bila mimi kujua sababu, hata kama itabidi nilale humo ndani pamoja nao.

Mama mkwe wa Mwalimu, tuliyemwita Gogo, yaani bibi, alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni. Hakuwahi kukanyaga nyumba ya broila. Alisema kuku wasio na mama wanamtia huzuni. Nilimpelekea chai, akaniona uso umeanguka, akaniuliza nina nini. Nikamwambia Mwalimu anataka nihesabu waliokufa, nami siwezi. Alicheka mpaka shuka ikamteleza begani.

"Hata sisi hatuhesabu ng'ombe," alisema. "Lakini jioni zikiingia, mzee wangu alikuwa anasimama hapo kwa mlango ya boma. Ile haijaingia alikuwa anaijua, na anaitafuta mpaka aipate. Wewe unakataa kuhesabu ama unakataa kujua?"

Nikamjibu kwamba ng'ombe wana rangi na majina, vifaranga wote ni manjano. Yeye alikuwa akipukuchua mahindi ya mbegu mapajani. Akachota konzi moja akanitilia kwenye kiganja.

"Yule amekufa, weka punje moja. Hujahesabu. Umeweka tu."

Nilikwenda nazo nikazifikiria, na hapo ndipo ile sauti ya mama wa simu ilinirudia: wangapi, lini, wapi. Nikatafuta mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia. Mmoja nikauweka mlangoni, mmoja katikati, mmoja kwenye ukuta wa nyuma, ili kila kifaranga awekewe punje mahali alipokutwa. Na ili nijue saa, nikaamua waliokufa usiku wapewe mahindi na waliokufa mchana wapewe maharagwe. Msinicheke. Siku hizi mna simu zenye majedwali na bado mnaniambia wachache.

Boksi la tatu nililifuata mjini alfajiri na sikumsalimia mtu. Nyumba nilikuwa nimeipasha joto tangu usiku. Maranda ya mbao nilikuwa nimeyatandaza makavu, siyo magazeti, maana kwenye gazeti kifaranga huteleza miguu ikaenda kila mmoja upande wake, na akishapanuka hivyo hasimami tena. Nikawachovya midomo wote. Jioni ile walikula, wakanywa, wakalala wametawanyika vizuri, na hakuna aliyekufa. Nilikwenda kulala nikiimba.

Asubuhi yake, ndiyo siku ya kwanza, nilikuta mmoja tu amekufa. Nikaweka hindi langu. Nikawasha jiko, nikawaacha nikaenda kukamua ng'ombe, niliporudi kama saa nne niliokota wengine, nikaweka maharagwe. Siku ya pili vilevile. Hindi moja, halafu maharagwe tena. Kichwa changu kilikuwa kinagonga nikajifunga leso kwa nguvu nikaendelea na kazi, maana kilikuwa kinauma kila asubuhi tangu enzi za boksi la pili, na nilishazoea. Nilijua ni presha, au ni chai ya strungi, ile isiyo na maziwa, kwenye tumbo tupu.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi na Mwalimu alikuwa nyumbani. Nikabeba mikebe yangu mitatu hadi jikoni, nikaimwaga mezani mbele yake, kila mkebe na rundo lake. Rundo la mlangoni, hindi moja. Rundo la ukuta wa nyuma, hindi moja. Rundo la katikati lilikuwa maharagwe matupu, meusi na mekundu.

Nilishika mdomo. Tangu boksi la kwanza nilikuwa nimeapa kwamba baridi ya usiku ndiyo inaua. Sasa usiku ulikuwa na mahindi mawili, na mchana ulikuwa na maharagwe yale yote, tena katikati, karibu kabisa na jiko, mahali penye joto kuliko pote.

Mwalimu aliyasogeza kwa kidole, kisha akauliza asubuhi huwa nafanya nini pale katikati. Nikamwambia nawasha jiko la makaa. Na jioni? Jioni huwa siwashi, nalileta tu. Nikimaliza kusonga ugali natoa jiko jikoni makaa yakiwa mekundu, naliingiza kwa vifaranga. Asubuhi nawashia humohumo ndani kwa sababu nje kuna manyunyu, nashindilia makaa mapya juu, nafunga mlango ili joto lisipotee.

Gogo alikuwa palepale kigodani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Na wewe hiyo kichwa inakuuma saa ngapi?"

"Asubuhi, Gogo," nilisema. "Ikifika saa sita inaisha."

Mwalimu alisimama, akatoka na kandambili zake kwenye tope, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya broila, na nikasikia nailoni ikichanika. Nilimfuata. Alikuwa anavuta magunia yangu kwa mikono miwili, misumari ikiruka, na machozi yanamtoka. Nikachukua panga nikaanza upande wa pili. Nililia pia, na sikulia kwa ajili ya vifaranga peke yao. Kila asubuhi nilikuwa nimejifungia na kitu kile kile kinachowaua, nikivuta pumzi ile ile. Wao walikuwa wadogo, wakatangulia.

Makaa mapya yakiwashwa hutoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu. Moshi unaouona siyo wenye kuua, ni huo usiouona. Hata yakishakuwa mekundu bado huitoa, pungufu ila bado yaweza kuua, na ndiyo maana nyumba lazima ipumue. Washa jiko nje, chini ya mabati kama kuna mvua, lisubiri mpaka makaa yote yawe mekundu na yamejipaka jivu jeupe, ndipo uliingize. Na chini ya mabati acha uwazi wa shibiri moja kuzunguka nyumba yote. Zuia upepo chini walipo vifaranga, uache hewa itoke juu. Mimi nilikuwa nimeziba vyote viwili.

Na ninyi mnaopanga chumba kimoja huko mjini, mnaoingiza jiko ndani Julai mkafunga dirisha na kulala, hili nawaambia mara mbili. Ukiamka na kichwa kinagonga na mchana kikapoa, usinunue tembe. Toa jiko nje.

Siku ile ile tulikata makatoni tukawazungushia duara ili wasipate kona ya kurundikana, na nikajifunza kuwasoma. Wakijazana kwenye jiko, wana baridi. Wakilikimbia jiko wakiwa wameachama midomo, wana joto. Wakienda wote upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili, nenda kautafute kwa mkono. Wakitawanyika kila mahali, wengine wanakula na wengine wamelala, nenda kanywe chai yako. Hakuna kipimajoto kinachojua hayo kuliko wao wenyewe, ingawa siku hizi nina kipimajoto na sijakikataa.

Siku ya nne nikaweka haragwe moja. Siku ya tano mikebe haikupata kitu, nami nikaenda kuiangalia mara tatu kama mtu anayesubiri barua. Siku ya sita, hindi moja. Siku ya saba, haragwe moja la kifaranga aliyekuwa dhaifu tangu boksini. Kichwa changu hakikuuma tena.

Jioni hiyo ya saba Mwalimu alinikuta langoni. Hakusema neno juu ya nyasi ya ng'ombe, lakini wote wawili tulijua wiki imekwisha. Akauliza kama kawaida, "Mama Simiyu, wangapi?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Wachache tu, Mwalimu. Nikalimeza. Nikaenda nikaleta mikebe, nikaimwaga kwenye beseni, nikahesabu kwa sauti, mimi, mtoto wa mama yangu, kuanzia moja. Zilikuwa punje kumi na saba. Mahindi matatu na maharagwe kumi na manne. Kisha tukaingia wote wawili tukahesabu walio hai, yeye akiwainua na mimi nikitaja, tukapata themanini na watano. Nilisubiri mbingu ianguke. Hakukuwa na kitu isipokuwa vifaranga wakinikanyaga vidole vya miguu.

"Agiza mbili," nilimwambia. "Mwezi ujao agiza boksi mbili."

Aliagiza. Nyasi ya ng'ombe ikatafutiwa mahali pengine. Simiyu akamaliza shule. Tangu wakati huo nimebadilisha mikebe kuwa daftari, makaa kuwa gesi, na gesi kuwa taa za stima pale stima inapokubali. Gogo hakuwahi kuingia nyumba ile mpaka alipotuacha, lakini kila boksi lilipofika alinitumia konzi ya mahindi, hata nilipokuwa na daftari. Niliyapokea kwa mikono miwili. Watoto wangu bado siwahesabu. Ukiniuliza nitakwambia Mungu amenikumbuka.

Sasa nirudi kwa Chelimo. Nilimwambia hivi, mbele ya wenzake wote waliokuwa wamecheka: binti yangu, kuanzia boksi la tatu, ukija nyumbani nitakufungulia madaftari nikuonyeshe mmoja mmoja, siku aliyokufa, mahali alipokutwa na kilichomuua. La kwanza na la pili siwezi. Hao sijui walikuwa wangapi, na kwa sababu sikujua, wengi wao walikufa.